Saa nne ya Üsküdar

Mtu wa kwanza kunisalimia Istanbul aliniitikia shikamoo ambayo sikumpa. Kijana wa rika langu, amevaa kizibao cha buluu, kazi yake kupakia mizigo kwenye basi la uwanja wa ndege. Alilishika begi langu, akanitazama usoni, akasema, "Merhaba!" Nikageuka nyuma nione ni mzee gani aliyeamkiwa. Hapakuwa na mtu. Nikajisemea, huyu mtoto ana kiburi gani, ajipa marahaba alfajiri yote hii?

Ilikuwa Septemba 2019, nami nina miaka 19. Naandika haya nikiwa barazani kwetu Langoni, Amu, yaani Lamu, kwa sababu mtoto wa ami yangu amepata ufadhili uleule wa serikali ya Uturuki na ataondoka wiki mbili zijazo. Kila jioni aja na swali lilelile: nipakie nini? Nimemwambia kichwa cha chaja. Akaona namfanyia dhihaka. Basi nimweleze kwa urefu, nanyi wengine msome.

Nilitoka Amu kama watokavyo wanafunzi wasio na nauli ya ndege ya Manda: boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, treni hadi Nairobi. Safari hiyo sina la kuisimulia ila kwamba basi lilikuwa na joto na mtu wa kando yangu alikuwa na kuku. Mama alinipakilia kachiri, visheti, chupa mbili za achari ya maembe zilizofungwa kwa nailoni mara tano, na chupa ya mafuta ya nazi ya nywele. Mjomba akaninunulia koti Gikomba, koti la mitumba zito kama godoro, kwa kuwa amesikia Ulaya ni baridi. Nilishuka nalo mwilini. Istanbul mwezi wa Septemba ni kama Amu ya mwezi wa saba, upepo mtamu, watu wamevaa fulana. Nilitiririka jasho hadi ndani ya viatu, na kulivua siwezi kwa sababu mkono mmoja una begi na mwingine una achari.

Jambo la kwanza nililolifanya uwanjani lilikuwa kutaka kubadilisha saa. Nilipoangalia saa ya ukutani na saa ya simu nikaona zalingana. Uturuki iliacha kusogeza saa mbele na nyuma mwaka 2016, na tangu hapo saa yao ni yetu, mwaka mzima. Nilifurahi mno. Nikaona angalau kitu kimoja sina haja ya kujifunza. Ila nje kulikuwa giza totoro na saa yaniambia kumi na mbili asubuhi. Kwetu wakati huo jua lakaribia kugusa minazi ya Shela. Sikulitilia maanani, na ndilo lililoniponza baadaye.

Maelekezo niliyotumiwa yalikuwa mistari mitatu. Panda basi hadi Beşiktaş. Panda vapur hadi Üsküdar. Uliza yurt. Yurt ni bweni la wanafunzi, na vapur ni meli ya kuvushia abiria. Ule mstari wa pili niliusoma mara mbili. Kumbe hata huku ndege yatua ng'ambo, na mtu apanda chombo ndipo afike? Nilijiona nimewatangulia wote tuliokuja pamoja. Kwetu ndiyo maisha: ndege yatua Manda, wageni washuka na mabegi ya magurudumu, wateremka jeti wakitazama kwa wasiwasi ule upenyo baina ya ngazi na boti. Babangu ni nahodha wa boti hizo. Nimekulia kwenye upenyo ule, nikiwapa watu mkono.

Ila hili la Istanbul lilikuwa na la ziada. Beşiktaş iko Ulaya, Üsküdar iko Asia. Dakika kumi na kitu, umehama bara. Babangu anavusha watu mwaka wa thelathini sasa na hajawahi kumhamisha mtu bara.

Ndani ya vapur watu walikuwa wakinywa chai katika bilauri ndogo zenye kiuno, bila kuangalia nje, kama watu waliokaa sebuleni kwao. Mimi nilisimama karibu na mahali pa kushukia, koti na achari zangu, nikimtazama baharia. Mkondo wa pale una nguvu, wateremka kutoka Bahari Nyeusi kwenda Bahari ya Marmara, na nahodha hakuja gatini moja kwa moja. Aliielekeza omo juu kidogo ya gati akayaacha maji yamshushe, huku mashine ikikoroga tezi taratibu. Baharia alikuwa mtu mnene, sigara iko sikioni, ameshika kamba nene yenye kitanzi. Nilikuwa nikimhesabia: rusha sasa. Hakurusha. Sasa. Hakurusha. Aliingoja meli mpaka ubavu ukayabana matairi ya gari yaliyoning'inizwa gatini, ndipo akaitupa kamba chinichini, bila kuinua mkono hata kufika kifuani, na kitanzi kikaingia kwenye nguzo ya chuma mara ya kwanza. Upande wake akaizungusha haraka kwa umbo la nane. Kamba ikakazika, ikalia, ikajikamua maji. Ubao wa kushukia ulikuwa bado hewani na abiria washaanza kuruka, wanawake na mikoba, wazee na fimbo. Hakuna aliyempa mwenzake mkono. Nikaruka na mimi.

Bweni nililipata kwa kuwaonyesha watu simu. Lilikuwa juu ya kilima, na simu ilikuwa na asilimia sita. Mlinzi alikuwa mtu wa makamo mwenye masharubu, yumo katika kibanda cha vioo. Kwenye ndege nilikuwa nimekariri neno moja: kayıt, usajili. Nikamwambia "Kayıt", kwa sauti ya mtu ajuaye Kituruki.

"Kayıt, saat dört," akanijibu, akainua vidole vinne.

Hapa ndipo nataka mtoto wa ami asome polepole. Lau yule mlinzi angesema kwa Kiingereza, ningeelewa palepale. Shuleni tumefundishwa, kila Mswahili ana saa mbili kichwani, ya Kiswahili na ya Kizungu, na hubadilisha bila kujua anabadilisha. Lakini hakusema Kizungu. Alisema saat. Nikasikia saa. Vidole nikaviona vinne. Kichwa changu, ambacho hakikulala usiku wote, kilifurahi kusikia neno la nyumbani, kikaingia nyumbani moja kwa moja na kufunga mlango. Saa nne! Simu yaniambia ni saa tatu kasoro. Nikaketi kwenye benchi kungoja saa moja na ushei.

Ilipotimu nne kamili nilisimama nikaenda kwenye mlango wa ofisi. Umefungwa. Nikarudi kwa mlinzi nikamwonyesha simu. Akatikisa kichwa: "Dört. Dört!" Vidole vinne tena. Nami nikaviinua vyangu vinne, kumwonyesha kwamba naam, nne, ndiyo hii, yuko wapi mtu wa ofisi? Tulisimama hivyo, vidole vinane hewani, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Kisha simu ikazima.

Nikatoa chaja. Soketi zao zina matundu mawili ya mviringo. Chaja yangu ina meno matatu bapa, yale tuliyoachiwa na Mwingereza. Katika ile nyumba nzima ya watu waliokaa kikao kuhusu achari na koti, hakuna aliyewaza meno ya chaja.

Nikakata shauri: mtu wa ofisi amechelewa, na mambo ya ofisi ni yaleyale dunia nzima. Mlinzi akaliweka begi langu kibandani, akanipungia mkono kuelekea mtaani, nenda, tembea. Nikalivua koti nikamwachia nalo. Karatasi yenye anwani ya bweni ilibaki mfukoni mwa koti.

Niseme ukweli kuhusu kazi yangu ya utotoni. Tangu darasa la nne nilikuwa nikisimama jetini baada ya chuo cha Kurani, nikiwaongoza wageni hadi nyumba zao za kulala. Shilingi hamsini, mia, wengine hawatoi. Na wengine, nakiri, niliwazungusha. Mgeni akiwa mbishi nilimpitisha kichochoro kimoja mara tatu, mlango uleule wa nakshi, punda yuleyule, hadi asalimu amri. Wenzangu walikuwa wakicheka barazani. Lakini aliyekuwa na adabu nilimpa siri ya mji wetu: ukipotea, usiulize mtu, tafuta mteremko. Mifereji yote ya Amu yapeleka maji ya mvua pwani. Fuata yanakokwenda maji utatokea baharini, na ukishafika baharini huwezi kupotea.

Basi nikaufuata ushauri wangu. Üsküdar nayo imelala juu ya vilima inatazama maji, na vijia vyake vyajipinda, vyapanda ngazi, vyakutokea nyuma ya ukuta wa makaburi. Paka kila mahali. Kwa paka nilijihisi Amu kabisa, tofauti ni kwamba paka wa kule wamenenepa na kuna watu wamewawekea vibakuli. Nilishuka, nikashuka, nikatokea kwenye uwanja wa mbele ya gati nilikoshukia. Njiani nilinunua simit, mkate wa ufuta wetu uliokazwa ukapindwa ukawa bangili. Nilikula mbili nimesimama.

Uwanjani pale kuna birika kubwa la marumaru la umma, la Sultan Ahmed wa Tatu, lililojengwa karne ya 18. Kuta zake zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kutoka pembe hadi pembe. Nilisogea nikaanza kusoma, kwa mazoea tu, kama nisomavyo maandishi ya juu ya milango kwetu. Herufi zote nazijua. Nikatamka mstari mzima kwa sauti ndogo, na sikuelewa. Kilikuwa Kituruki cha zamani kilichovaa nguo za Kiarabu, kama vile bibi yangu, ambaye hajui A wala B, asomavyo tenzi za Kiswahili kwa herufi hizohizo. Mwanamke aliyekuwa na mtoto alisimama kunisikiliza. Yeye herufi hazijui, wao waliziacha mwaka 1928 wakahamia za Kilatini. Lakini nilipotamka, maneno mengine aliyashika! Aliniangalia, akaangalia ukuta, akatabasamu, akaenda zake na mtoto wake. Mpaka leo najiuliza alisikia nini. Pengine shairi zuri, pengine bei ya maji.

Kando yake kuna msikiti wa Mihrimah, alioujenga Sinan, msanifu wa Masultani, katika miaka ya 1540. Wenyeji wauita İskele Camii, yaani msikiti wa jeti. Nilipenda jina. Adhana ya adhuhuri ilipopigwa nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha marumaru nikitawadha, nikapiga hesabu: kwetu adhuhuri miezi hii huingia saa sita na robo, kwa hiyo ni saa sita na robo. Kumbe ilikuwa saa saba! Saa yao ni yetu, lakini jua lao lachelewa, kwa kuwa wako magharibi yetu mbali. Hilo la jua nilikuwa nimeliona kwa macho yangu alfajiri na sikujifunza kitu. Ndani, katika sala, mimi wa madhehebu ya Shafi niliinua mikono nikienda rukuu, na mzee wa kulia kwangu akanitupia jicho la pembeni. Safu nzima mikono imetulia. Niliinua tena. Nilishazoea, mikono yaenda yenyewe.

Baada ya sala nikajikalia ukingoni mwa bahari, kwenye mawe, pamoja na wavuvi wa mshipi. Na hapo nikafanya kile ambacho mtu wa Amu hufanya akiwa hana saa. Nikachagua alama.

Ilikuwa pete ya chuma ya kufungia boti, imepigiliwa ukutani. Chini yake jiwe la kwanza kavu, la pili lina mwani wa kijani, wa upana wa shibiri, la tatu limo majini. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Maji yakijaa yatameza jiwe la pili, yakipwa yataonyesha la tatu na la nne. Kwetu baina ya kujaa na kupwa ni saa sita, na kwenye maji makuu bahari huteremka kupita kimo cha mtu, ngazi za jeti zatokeza na chaza zake, boti zalala kwenye matope. Mtoto wa miaka saba atakwambia saa kwa kutazama ngazi ya ngapi imelowa. Nikatulia, nikamwachia bahari kazi.

Meli zilipita, mawimbi yao yalipiga mwani, yakarudi. Maji yalikuwa palepale. Nikatazama tena baada ya muda. Palepale, katikati ya ule utepe wa kijani. Nikaona, ah, labda ni maji mafu, yasogea kidogokidogo. Nikatafuta kijiti nikakichomeka baina ya mawe, sawa na uso wa maji.

Mzee aliyekuwa akivua kando yangu alikuwa akinitazama. Alikuwa na ufito mrefu na ndoo ya visamaki vyenye ubavu wa fedha, vikubwa kuliko dagaa, vidogo kuliko vibua. Muuza chai alipopita na sinia, akachukua bilauri mbili, moja akanipa. Tukaanza mazungumzo ya watu wasiojuana lugha. Alinyoosha kidole baharini, "deniz", nami, "bahari". Alionyesha samaki, "balık". Hakuna kitu. Alipojigonga kifua akaonyesha kwa mkono vimo vya watoto watatu na kusema "baba", nikaruka. Baba! Kwetu pia baba! Akacheka, akaniletea mengine: dünya, nikamrudishia dunia. Sabun, sabuni. Kalem, kalamu. Fincan, finjani. Tulikuwa kama watoto wawili waliokutana kuchezea gololi, kila mmoja atoa ya kwake aone kama mwenzake anayo. Kisha akanielekeza kidole kifuani, akasema taratibu:

"Misafir."

"Naam," nikamwambia, "msafiri."

Mwezi mmoja baadaye, darasani, niligundua kwamba misafir kwao ni mgeni, yule aliyekwisha kubisha hodi na kukaribishwa. Mimi nilifikiri aniambia niko njiani, kumbe aniambia nimefika. Na si hilo pekee. Şaka yao, ambayo husomeka shaka, ni mzaha. Mtu akikwambia şaka usiwe na shaka.

Nilitamani niwe na maneno ya kumwambia mzee yule kwamba Waturuki si wageni kwetu. Mir Ali Bey alikuja pwani yetu na merikebu zake miaka ya 1580, miji mingi ikamkumbatia, na Wareno walipomshinda Mombasa mwaka 1589 walimkata kichwa mfalme wa Amu kwa kuwa upande wa Waturuki. Mir Ali Bey mwenyewe walimchukua Lisbon akiwa hai. Kwa ufupi, tunawadai kichwa. Lakini kwa neno baba na sabuni huwezi kulifikisha hilo, na chai yake ilikuwa tamu.

Nikakitazama kijiti. Maji hayajasogea hata unene wa kidole. Nikaanza kuingiwa na hofu isiyo na jina. Nilikuwa nimekaa pale muda mrefu, matako yameniuma, kivuli cha ule ufito kimegeuka, na bahari yaniambia hujakaa kitu.

"Saat?" nikamuuliza mzee.

Akageuza kifundo cha mkono. Saa ya mishale, kioo kimekwaruzika. Kwa ukucha wake akagonga mshale mfupi, akasema, "Akrep." Akrabu! Hata hiyo waiita kwa jina letu! Kisha akagonga tarakimu ambayo akrabu ilikuwa yaikaribia. "Dört."

Ilikuwa nne. Akrabu yaingia kwenye nne, na mtu wa Amu akiiona hapo husema saa kumi, saa kumi ya jioni, hata si jambo la kufikiri. Nilivikumbuka vidole vya mlinzi. Nilikumbuka vyangu. Nikasimama ghafla nikakipiga teke kijiti changu, nikamshika mzee mkono kwa mikono yangu miwili, nikakimbia.

Acha niweke hapa neno ambalo mwalimu wetu wa lugha alitueleza baadaye nami nikaligongea meza. Waturuki wa zamani, enzi za Masultani, walihesabu saa kuanzia magharibi. Jua likizama ni saa kumi na mbili, saa moja baadaye ni saa moja ya usiku. Kama sisi! Waliiacha mwaka 1926, serikali ilipoamua nchi ifuate saa ya Ulaya. Nilichelewa miaka 93 tu.

Siri ya mteremko ina kasoro moja, nayo sikuwahi kuwaambia wale wageni wangu: hukupeleka pwani, hairudishi. Kupanda kuna njia ishirini na zote zapanda. Nilikimbia ya kwanza, ikaishia kwenye ngazi. Nikakimbia ya pili, nikapita duka la kachumbari lenye mitungi ya vioo dirishani, nikapinda, nikapinda, nikalipita duka lilelile. Mara ya tatu mwenye duka akanipungia mkono. Nilijua kabisa sura ya mtu anayetaka kucheka barazani.

Nilichokuwa nacho ni neno moja, yurt, nikampa mvulana wa miaka kumi hivi aliyebeba mkoba wa shule. Akaniita kwa kichwa, twende. Alitembea mbele yangu kwa maringo ya mtu mwenye mji wake, na mimi nyuma, nikihesabu kona na kumchunguza kama anizungusha, kwa kuwa kazi hiyo naijua. Hakunizungusha. Ila tulipofika nusu ya kilima alisimama, akanigeukia, akaniuliza kwa uso wa hakimu:

"Galatasaray mı, Fenerbahçe mi?"

Hilo nalijua! Drogba alicheza Galatasaray, Amu nzima tulikuwa tukiwashangilia. "Galatasaray!" nikasema kwa fahari.

Akanyamaza. Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba amemwokota mwizi. Upande ule wa Asia ndiko nyumbani kwa Fenerbahçe, ningejuaje? Aliendelea kunipeleka, lakini alivuka akatembea upande wa pili wa barabara, na alipofika mbele ya bweni alinyoosha kidole na kuondoka bila kusema neno. Nilikuwa nimeshaitoa sarafu mfukoni. Ikabaki mkononi.

Mlinzi aliponiona akainua vidole vinne, safari hii akicheka. Usajili wenyewe ulikuwa sahihi sita na picha mbili, sina la kuongeza. Nilipewa ufunguo wa chumba cha watu wanne: Msomali wa Kismayu, Mkazaki, na Mwafghani aliyekuwa amelala na viatu. Msomali alikuwa na kichwa cha chaja. Yeye kwao hakuna aliyemzungumzia koti. Alisikia lafudhi yangu akaniuliza kwa Kiswahili cha Mombasa kama nina pilipili. Chupa ya kwanza ya achari haikufika asubuhi.

Saa mbili u nusu usiku nilipata intaneti nikapiga simu nyumbani. Walikuwa wote barazani, simu ya dada imewekwa katikati.

"Huko saa ngapi?" mama akauliza, kabla ya salamu.

"Mbili u nusu, mama. Kama huko."

Kimya. Nikasikia akimwambia mtu wa kando, "Asema saa ni ileile." Kisha kwangu: "Siku tatu ndiani, na saa ni ileile?"

Akaniuliza kama nimekula, kama nimesali, kama koti lafaa. Nikajibu naam kwa yote matatu. Baba si mtu wa simu. Huikaa mbali nayo, kama mtu aliyekaa mbali na moto. Alingoja mpaka wote wamemaliza, ndipo akauliza vyombo vyao vikoje. Nikamsimulia vapur, nahodha aliyeielekeza omo juu ya mkondo, baharia mnene, kamba iliyorushwa chinichini, lile umbo la nane. Nikamsikia akiguna kila nilipopumua. Akauliza kama kamba ni ya katani au ya nailoni. Nailoni, nikamwambia.

"Na mai yaenda upande gani?"

"Upande mmoja tu, baba. Yateremka, hayarudi. Na hayajai wala hayapwi. Nimekaa leo tangu adhuhuri hadi saa kumi nikitazama jiwe. Hayakusogea."

Alinyamaza mpaka nikaona mtandao umekatika.

"Bahari," akasema, "isiyopwa."

"Naam, baba."

"Ulikuwa na usingizi. Kesho amka mapema, ushuke tena, uangalie vyema."